Ufa, Ukuta na Kumbukumbu za Mji

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa shuleni tangu madarasa ya chini, nasi tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba kabla haijawa fumbo la malezi na maonyo, ilikuwa neno la kweli la fundi mwashi aliyesimama mbele ya ukuta uliopasuka. Katika makala haya twapenda kuirudisha methali hiyo mahali ilipozaliwa, yaani ukutani, na kuitumia kupima jambo moja. Mji unapotikiswa na tetemeko la ardhi, ni kiasi gani cha mji huo hubomolewa na ardhi, na ni kiasi gani hubomolewa na watu wenyewe baada ya ardhi kutulia?

Huenda ndugu msomaji akauliza: Je, haya nayo ni mambo ya utamaduni? Tumezoea kusikia kwamba utamaduni ni lugha, ngoma, mashairi, mavazi na mila za jando na unyago. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Watu wakikaa mahali pamoja kwa vizazi vitatu au vinne, huacha alama zao katika mawe na matofali kama wanavyoziacha katika nyimbo. Soko walimokutania, kituo cha mabasi walikoagania, shule walikojifunza kusoma, msikiti na kanisa walimozikiana, yote hayo ni maneno ya lugha moja. Mji ukipoteza majengo yake yote kwa mara moja, wazee hubaki wakieleza mambo yasiyoonekana, na vijana hubaki wakisikiliza kwa heshima tu, pasipo kuamini.

Swali hili lilitushika kwa nguvu mwaka 2016. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba mwaka huo, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au zikapasuka. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Sisi tulikuwa miongoni mwa watumishi waliopewa kazi ya kupita mitaani na vijijini kuorodhesha nyumba zilizodhurika. Tulibeba fomu zilizopigwa mistari vizuri: jina la mwenye nyumba, idadi ya vyumba, aina ya paa, aina ya ukuta, idadi ya wakazi, na mwisho nafasi ya kuandika kama nyumba itengenezwe au ibomolewe.

Katika kitongoji kimoja tulimkuta mama mtu mzima ameketi chini ya mgomba, mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma iliyofunguka pembe moja kama kitabu. Alijibu maswali yetu yote kwa utulivu. Tulipofunga fomu, akatwambia kwa adabu ya kwao, “Waitu, hamjaandika kwamba baba mkwe wangu amelala hapo nyuma, na kwamba nyumba hii aliijenga kwa fedha za kahawa, mwaka aliomsomesha mwanawe wa kwanza. Andikeni na hilo.” Tukatazama fomu. Haikuwa na safu ya jambo hilo. Tukaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, mahali ambapo karani wa kujumlisha hesabu hakuwa na haja ya kupatazama.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitafuta kujua jinsi miji mingine ilivyopitia jaribu kama hili, na hasa jinsi ilivyoamua kipi kibomolewe na kipi kibaki. Katika kutafuta huko tuliufikia mji mmoja wa mbali ambao habari zake zimeandikwa kwa ukamilifu, nao ni Christchurch, mji mkubwa kuliko yote katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Hatuupeleki moyo wetu huko kwa kupenda mambo ya kigeni. Twauendea kama mtu anavyomwendea jirani aliyefiwa kabla yake, amwulize alivyofanya.

Christchurch ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1856, katika ardhi ya Wamaori wa kabila la Ngāi Tahu. Walowezi Waingereza walioujenga walitamani ufanane na miji ya kwao. Kwa hiyo waliweka katikati yake uwanja mpana, na uwanjani wakajenga kanisa kuu la mawe lenye mnara mrefu uliochongoka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1864, na kazi haikwisha hadi mwaka 1904. Pembeni mwa uwanja huo yakaota maduka ya matofali, benki, hoteli na ofisi. Lakini udongo wa sehemu nyingi za mji ulikuwa laini na wenye maji mengi, na chini ya nyanda zake palikuwa na nyufa za ardhi zisizojulikana na mtu.

Tarehe 4 Septemba 2010, saa 10:35 alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilizuka karibu na Darfield, kiasi cha kilomita 40 magharibi mwa mji. Kuta za matofali ziliporomokea njiani, lakini njia zilikuwa tupu kwa kuwa watu walikuwa wamelala. Hakuna aliyeuawa na ukuta ulioanguka. Mji ulishukuru, wakaguzi wakapita wakitazama majengo na kubandika milangoni vibandiko vya rangi tatu. Kijani kilimaanisha jengo litumike, manjano lina mashaka, na nyekundu mtu asiingie.

Miezi mitano ikapita. Jumanne ya tarehe 22 Februari 2011, saa 6:51 mchana, ardhi ilitikisika tena. Kwa kipimo, tetemeko hili lilikuwa dogo kuliko la kwanza, kwani ukubwa wake ulikuwa 6.2. Lakini lilizuka kilomita 5 tu chini ya ardhi na kiasi cha kilomita 10 tu kutoka katikati ya mji, wakati watu wamejaa maofisini, madukani na barabarani. Katika mitaa mingi udongo ulioshiba maji uligeuka uji, ukatoka juu na kufunika njia, nyumba zikazama au kuinama. Watu 185 walipoteza maisha, nao walitoka katika nchi zaidi ya 20.

Hapa pana somo la kwanza, nalo linakwenda kinyume na mazoea yetu ya kufikiri. Sisi tunapoona jengo la kale twasema, “Hilo litatuangukia,” na tunapoona jipya la zege twajisikia salama. Ni kweli kwamba huko Christchurch matofali ya zamani yasiyofungwa kwa nondo yaliwaua takriban watu 40, wengi wao wakipita njiani au wakiwa ndani ya magari. Lakini watu 115 kati ya wale 185 walifia katika jengo moja, la kituo cha televisheni cha Canterbury, lenye orofa sita, lililojengwa katika miaka ya 1980. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa kigeni waliokuja kujifunza Kiingereza. Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 2012 kwamba ramani ya jengo hilo ilikuwa na kasoro, na kwamba halikustahili kupewa kibali cha kujengwa. Tena, baada ya tetemeko la Septemba lilikuwa limetazamwa kwa macho, likapewa kibandiko cha kijani.

Kwa hiyo umri si hatia, na upya si dhamana. Kinachookoa watu ni kazi iliyofanywa kwa uaminifu. Mhandisi apige hesabu sawasawa, mwenye kutoa kibali aisome ramani kabla ya kugonga muhuri, fundi asiibe saruji wala nondo, na mkaguzi asiridhike na kutazama rangi ya ukuta. Mtumishi wa umma anayesoma haya ajue kwamba muhuri wake nao ni sehemu ya msingi wa nyumba.

Baada ya mazishi likaja tetemeko la pili, lisilo na kipimo. Katikati ya mji ilizungushiwa uzio, askari wakawekwa kulinda, na wenye maduka wengine hawakuruhusiwa kuingia kuchukua hata madaftari yao ya hesabu. Sehemu ya mwisho ya uzio huo haikuondolewa hadi Juni 2013. Sheria iliyopitishwa Aprili 2011 iliipa mamlaka maalumu ya ujenzi mpya uwezo wa kuamuru jengo libomolewe. Tingatinga na winchi zikaingia. Hoteli yenye orofa 26, iliyokuwa imeinama, ikashushwa kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, na jengo jingine refu likaangushwa kwa baruti Agosti 2012. Hesabu ilipokamilika, majengo zaidi ya 1,200 yalikuwa yamebomolewa katikati ya mji peke yake.

Ndugu msomaji, yafaa tuitafakari hesabu hiyo. Tetemeko lenyewe lilikwisha katika muda mfupi kuliko wa kukariri beti mbili za shairi. Kubomoa kulichukua miaka. Hapana shaka kwamba mengi yalistahili kubomolewa, kwa sababu yaliwatishia wapita njia, na uhai wa mtu hauwezi kuwekwa kwenye mizani moja na jiwe. Lakini mengine yaliweza kutengenezwa. Yalibomolewa kwa kuwa gharama ya kutengeneza ilizidi ya kujenga upya, au kwa kuwa hesabu za bima zilielekea huko, au kwa kuwa mwenye mali alichoka kungoja. Wakazi walioruhusiwa kurudi walisimama katika njia panda walizokuwa wakizipita tangu utoto, wakashindwa kujua wako mtaa gani. Ukimwondolea mtu vitu vyote vya kumwelekeza njia, hata katika mji wake huwa mgeni.

Mabishano makubwa zaidi yalihusu lile kanisa kuu la uwanjani. Mnara wake uliporomoka tarehe 22 Februari, na matetemeko ya baadaye mwaka huohuo yakazidi kuliharibu. Machi 2012 viongozi wa dayosisi walitangaza kwamba kuta zitashushwa hadi kimo cha mita mbili au tatu tu. Hoja yao haikuwa nyepesi: jengo ni la hatari, fedha ni chache, na kanisa ni watu wala si mawe. Wengine, hata wasiokuwa waumini, walikwenda mahakamani kupinga. Hoja yao nayo haikuwa nyepesi: jengo hilo ndilo uso wa mji, nalo ni la wote waliowahi kukutana mbele yake. Kwa miaka sita magofu yalisimama wazi, njiwa wakifanya makao ndani. Septemba 2017 sinodi ilipiga kura, na kwa asilimia 55 ikaamua jengo lirudishwe. Kazi ikaanza, lakini mwaka 2024 ikasimamishwa kwa kukosa fedha. Wakati huohuo waumini hawakukosa pa kusali. Tangu Agosti 2013 walikuwa na kanisa la muda lililobuniwa na msanifu Mjapani, Shigeru Ban, lenye mabomba makubwa ya karatasi ngumu na nafasi ya watu 700.

Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba pande zote mbili zililinda jambo la kweli, na ndiyo sababu mabishano yalidumu. Waliosema “watu kwanza” walisema kweli. Waliosema “mtu bila kumbukumbu amepungukiwa” walisema kweli pia. Mwacha asili ni mtumwa, lakini anayekaa chini ya ukuta unaoanguka kwa kuipenda asili hatapata mtoto wa kumrithisha asili hiyo.

Kuna jambo jingine la mji huo lililotugusa zaidi kuliko habari za mawe. Mei 2011 halmashauri ya jiji iliwaomba wananchi waseme wanautaka mji wa namna gani. Yalikuja mawazo zaidi ya 100,000. Watu waliomba bustani, njia za kutembea kwa miguu, majengo mafupi, na mahali pa kukutania. Baadaye serikali kuu ilichukua usukani na kutoa ramani yake Julai 2012, na wapo walionung’unika kwamba sauti zao zilipotea njiani. Hata hivyo hawakukaa kimya. Vikundi vya raia vilitwaa viwanja vitupu vilivyoachwa na tingatinga na kuvipa uhai. Katika kimojawapo waliweka sakafu ya kuchezea na mashine kuukuu ya kufulia nguo iliyogeuzwa chombo cha muziki. Mtu alitia sarafu, muziki ukalia, na wapita njia wakacheza hapo mahali palipokuwa na kifusi. Mahali pengine msanii mmoja alipanga viti 185 vilivyopakwa rangi nyeupe, kila kimoja kwa marehemu mmoja, wala hapakuwa na viwili vilivyofanana. Palikuwa na kiti cha jikoni, cha ofisini, cha kutembelea wagonjwa, hata kiti cha kubebea mtoto mchanga. Tarehe 22 Februari 2017 ulifunguliwa ukuta rasmi wa ukumbusho kando ya mto Avon, wenye majina yote 185. Hivyo mji uliopoteza kuta elfu ulijenga ukuta mmoja usio wa kuishi ndani yake, bali wa kukumbukia.

Sasa na turudi nyumbani. Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, na jina hilo lenyewe latosha kutuonya. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya ishirini. Wakati ule miji ya sehemu hizo ilikuwa midogo na nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Leo tunajenga kwa zege na kwa orofa. Ufa wa ardhi hauzibiki, maana hakuna fundi mwenye ngazi ya kuufikia. Ufa wa ukuta wazibika, na hapo ndipo methali ya wahenga inapotudai.

Wala si lazima tungoje tetemeko. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari ya Unguja, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Ardhi haikutikisika siku ile. Kuta zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi, na matengenezo yalikuwa yanaendelea zilipoanguka. Jumba hilo lilikuwa katika Mji Mkongwe, ulioorodheshwa tangu mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia. Basi jina kubwa halizuii tofali kuanguka. Huzuiwa na chokaa iliyotiwa kwa wakati, na paa lisilovuja.

Kutokana na hayo yote twaona kwamba kulinda mji huanza zamani kabla ya msiba. Huko Christchurch majengo ya mawe ya chuo kikuu cha zamani, yaliyokuwa kituo cha sanaa, yalijeruhiwa vibaya lakini hayakuvunjwa. Baadhi yake yalikuwa yameimarishwa kabla ya mwaka 2010, na ukumbi wake mkubwa ulifunguliwa tena mwaka 2016. Huo ni ufa uliozibwa mapema. Na pale inapobidi kubomoa, basi ibomolewe kwa adabu. Kwanza jengo lipigwe picha, lipimwe, lichorwe. Milango ya nakshi, vibao na mawe yenye maandishi yahifadhiwe. Na wanaolikumbuka waulizwe. Kubomoa bila kuuliza ni kumzika mtu bila kumtaja jina.

Watumishi wenzetu wanaotengeneza fomu twawaomba waongeze safu moja, ya kuuliza mahali hapa pana maana gani kwa watu wake. Jibu halitabadili uamuzi kila mara. Nyumba iliyopasuka nguzo haitapona kwa kuwa ina historia nzuri. Lakini mwenye uamuzi atakuwa amejua anachokivunja, na aliyevunjiwa atakuwa ameandikwa.

Walimu nao wana nafasi kubwa kuliko sisi sote. Mwalimu wa historia, wa jiografia au wa Kiswahili aweza kuwatoa wanafunzi wake darasani siku moja katika muhula, wakatembea mtaa mmoja wa mji wao. Kila kikundi kichague jengo moja. Wapime urefu wake kwa hatua, wahesabu nyufa zake na kuzichora, waulize lilijengwa lini, kwa matofali ya wapi, na fundi alikuwa nani. Wamtafute mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi au kuoa au kulia ndani yake, wayaandike maneno yake kama alivyoyasema, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule. Nyufa walizozichora zipelekwe kwa mhandisi wa halmashauri, kwa barua fupi ya heshima. Nchi yenye madaftari kama hayo katika kila shule ya sekondari, hata ardhi ikitikisika usiku, asubuhi yake itajua nini kilikuwa kimesimama wapi, na kilikuwa cha nani.